Kabureta ya Pikipiki Yangu Imeajiriwa na Gari la Mikate

Kwa Ndugu Mkaguzi wa Magari,
Ofisi ya Ukaguzi, dirisha la pili (lile lisilofunguka).

KUHUSU: KABURETA YA PIKIPIKI ILIYOFUNGWA KWENYE GARI, NA MADHARA YAKE KWA HESHIMA YANGU

Ndugu Mkaguzi,

Pokea shikamoo yangu kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi yako nimeshaipokea. Siku tulipokutana ulikuwa chini ya gari, na ulipotoka uso wako ulikuwa na oili ya kutosha kuficha miaka.

Mimi ni tarishi mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nimebeba barua za malalamiko za watu wengine, na najua zinakoishia: chini ya kikombe cha chai cha mkubwa, zikipokea duara la majimaji badala ya majibu. Kwa hiyo hii nimeiandika kwenye karatasi ngumu, nami nakuomba kikombe chako ukiweke upande mwingine wa meza mpaka ufike mwisho.

Huenda umenisahau. Wiki iliyopita binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Spana, alikuletea gari dogo jeupe la kusambaza mikate. Mimi ndiye mzee aliyekaa kushoto kwa dereva, kichwani kofia ngumu ya pikipiki, mkono wa kulia umezama kwenye tundu lililo kati ya viti. Ulipouliza nimeshika nini humo, Spana alijibu kabla yangu. Ukanyanyua kiti, ukaiona injini, na ubavuni mwa injini ukaiona kabureta ya pikipiki imekaa kama mgeni aliyeambiwa ajisikie yuko nyumbani. Ukacheka mpaka kalamu ikakudondoka. Kisha, badala ya kulifungia gari lile hapo hapo, ukasema eti linapumua vizuri. Ukaagiza jambo moja dogo lirekebishwe, gari lirudi kwako Ijumaa lipewe stika yake ya mwaka.

Hilo jambo dogo nitalitaja mahali pake. Nianze na makubwa.

1. Kabureta ilichukuliwa bila idhini yangu. Pikipiki ile, niliyopelekea barua miaka yote ya kazi, nilipewa na ofisi siku ya kustaafu, kwa hotuba na makofi. Haukupita muda goti langu likagoma kuipanda, na daktari akaliunga mkono goti. Tangu hapo pikipiki imesimama kwenye korido ya nyumba yetu, imefunikwa shuka la maua, na kila anayekwenda bafuni lazima aipishe. Basi, kabureta ya gari la Spana, ile inayoilisha injini mafuta na hewa, ikapasuka. Akazunguka maduka yote ya vipuri, kote akaambiwa asubiri. Mikate haisubiri. Kiwanda kilimwambia asipofika keshokutwa njia yake anapewa mtu mwingine. Ndipo akaja sebuleni akaniuliza kama anaweza kuichukua ya pikipiki. Wanadai nilitikisa kichwa kukubali. Nakanusha. Nilikuwa nasikiliza mpira redioni, na kichwa changu kilikuwa kikimkubalia mtangazaji. Mama watoto anasema aliniona kwa macho yake, lakini mama watoto ni shahidi mwenye masilahi, kwani korido ile yeye ndiye anayeifagia.

2. Kabureta ilikubali kufungwa, na nyumbani kwangu wanasema kosa ni langu. Ndugu Mkaguzi, mimi sikutoa ushauri wowote. Nilikuwa nakejeli tu. Nilisimama uani nimeshika kiuno, nikamwambia Spana kwamba mdomo wa kabureta ya pikipiki ni mdogo na njia ya hewa ya injini ya gari ni pana, na akitaka vitu hivyo vikutane itabidi akate sufuria ya mama yake. Siku ya pili sufuria kubwa ya aluminiamu haikuonekana jikoni. Kati ya injini na kabureta kulikuwa na bamba safi linalong'aa, limekatwa kwa mviringo, limetobolewa matundu ya bolti. Mama watoto hakumuuliza Spana sufuria iko wapi. Aliniuliza mimi.

Hapo ningenyamaza, lakini ulimi hauna mfupa. Injini ilipowashwa, pampu ya gari ilisukuma mafuta kwa nguvu kuliko ilivyozoea kabureta yangu, iliyolelewa kwa mafuta ya kushuka polepole kutoka kwenye tangi. Ikafurika. Nikacheka, nikamwambia, "Basi yaliyozidi mrudishie mwenyewe!" Akakata mpira wa mafuta, akaweka tawi, yaliyozidi yakawa yanarudi kwenye tangi. Nikasema kitundu cha kupitishia mafuta ni kidogo, hakitoshi hata kumnywesha kifaranga. Akakichimba kwa keekee nyembamba kama sindano, akakipuliza, akakitazama kwenye jua, akakirudisha. Kila nilipofungua kinywa kumvunja moyo alikuwa anashika spana nyingine. Jioni gari likanguruma, naye akanifuata huku anafuta mikono, akaniambia, "Ahsante, Baba, bila wewe nisingeweza." Nimelichukulia hilo kuwa tusi.

3. Sharubu zangu. Kwa kinyozi wa kona, mbele ya wateja wawili waliopakwa sabuni na hivyo wasioweza kukimbia, niliapa kwamba gari lile likipanda kilima cha shule na shehena kamili ya mikate, nanyoa sharubu. Nilizifuga tangu nilipoajiriwa. Kuna watu walinijua kwa sharubu kabla hawajanijua kwa sura. Ndugu Mkaguzi, lilipanda. Lilipanda likitoa sauti ya pikipiki, likitoa na moshi kidogo, Spana amekunja uso, na kinyozi akatoka nje na taulo begani kushuhudia. Alipangusa kiti tu, akakigeuza upande wangu. Mdomo wangu wa juu mpaka leo unaona baridi, na mama watoto anasema nimekuwa kijana, jambo linalonitia wasiwasi kuhusu alivyokuwa akiniona zamani.

4. Swali la kisheria. Chombo hiki sasa ni nini? Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na gari hili linalelewa na pikipiki. Dalili zimeanza kuonekana. Likisimama kwenye taa linatetemeka kwa papara. Likiona upenyo kati ya lori na ukuta linataka kupita. Na likifika kwenye lile geti la bluu la mtaa wa juu, ambako kuna mbwa aliyekuwa akinifukuza miaka yote ya kazi, mbwa yule hutoka mbio na kulifukuza gari, wakati magari mengine yote huyatazama akiwa amelala. Mbwa ameitambua sauti. Mbwa hawezi kudanganywa na mabati, lakini ofisi yako imedanganyika.

Kama hii ni pikipiki, na mimi nashikilia kwamba ni pikipiki, basi wote waliomo wavae kofia ngumu. Mimi navaa. Spana amekataa, na mikate inasafiri vichwa wazi. Nilipendekeza angalau kreti za juu zifunikwe, akaniuliza kama nimelala vizuri.

5. Hii nimeifuta. Mama watoto ameisoma akasema mambo ya shuka la maua ni ya ndani ya familia.

6. Suala la ajira. Kabureta ile ilistaafu siku moja na mimi. Hotuba ilikuwa yetu sote. Mkubwa wa ofisi alisema, mbele ya watu, kwamba "tarishi wetu na chombo chake sasa wapumzike." Leo chombo kimerudishwa kazini bila barua ya uteuzi na bila kupimwa afya. Na hapa naomba niseme jambo ambalo halimo katika utaratibu wa barua. Asubuhi ile ya kwanza, ilipowaka, nilipata wivu. Kabureta ile imekaa koridoni muda ule ule niliokaa mimi kwenye kochi. Imepata vumbi lile lile. Halafu ikatolewa, ikapulizwa, ikasuguliwa kwa petroli, ikaulizwa: je, bado unaweza? Ikaweza. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mimi huulizwa kama nimemeza dawa.

Unapostaafu, Ndugu Mkaguzi, watu wanakuambia pumzika kana kwamba wanakupa zawadi. Siku za mwanzo unapumzika kweli. Baadaye unajikuta unajua saa ambayo jirani anaanika nguo, na siku akichelewa unakasirika. Nilifika hapo. Niliwahi kumkumbusha.

7. Hili ndilo kubwa kuliko yote: nimegeuzwa kuwa mvuta choki. Wewe fundi unajua kwamba injini iliyopoa inataka choki, yaani kile kijiti kidogo ubavuni mwa kabureta, ambacho ukikivuta injini inapata mafuta mengi na hewa kidogo mpaka ipate joto. Kwenye pikipiki kilikuwa karibu na goti langu, nikikigusa bila kuangalia. Kwenye gari hili injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo na kabureta iko huko huko. Dereva akitaka kuvuta choki itabidi ashuke, anyanyue kiti, avute, ashushe kiti, apande, na akishapanda injini nayo imeshazima. Spana akatoboa tundu kwenye bati lililo kati ya viti, tundu la kupitisha mkono. Kisha akaanza kutafuta mwenye mkono.

Alinijia uani nikiwa nahesabu mawingu. Akasema, "Baba, kabureta hiyo unaijua wewe peke yako. Mimi ikininunia siwezi kuibembeleza." Angalia maneno hayo, Ndugu Mkaguzi. Huo ni ulaghai wa wazi, na nilitekwa nao kabla sijapata nafasi ya kuvaa viatu.

Tangu hapo, kila alfajiri napigiwa honi mlangoni. Nakuta chai yangu imeshawekwa kwenye chupa. Napanda, navaa kofia, natumbukiza mkono. Navuta choki yote, Spana anapiga stata, injini inakohoa. Narudisha nusu, inanguruma. Hapo ndipo watu wengi wangekosea wakaiachia, kumbe kabureta ile ukiiachia ghafla hununa, na ukiidekeza hulewa mafuta. Narudisha polepole, nikisikiliza, mpaka inyamaze kukohoa. Spana ananitazama, mimi natikisa kichwa, tunaondoka. Joto la injini linapanda kupitia kitini, na sehemu ninayokalia huiva kuliko mikate.

Si hayo tu. Nimeongezewa na kazi ya kupeleka mikate milangoni. Sijawahi maishani mwangu kuacha mzigo kizingitini ukaliwa na kuku. Nasubiri mwenye duka atoke, namkabidhi mkononi, namwomba asaini. Spana ananipigia honi: "Baba! Ni mkate huo, si hati ya kiwanja!" Mwenye duka anacheka, anasaini kwenye karatasi ya sukari, ananiuliza habari za mtaa wa juu kwa kuwa ndiko ninakotoka. Nalazimika kumpa. Nikifika mtaa wa chini wanataka habari za mwenye duka. Nao nalazimika kuwapa. Kwa ufupi nimerudishwa kwenye kazi ile ile ya kubeba habari za watu, kazi niliyoagwa rasmi kwa keki. Na jina wamenibadilisha. Naitwa Mzee Choki. Hata watoto wa shule, wakiliona gari linashuka kilima, wananiita hivyo kwa sauti moja, na wasipoonekana Spana anapunguza mwendo bila kuambiwa, akiangalia kama watatokea.

Narudi nyumbani nimechoka. Nalala mchana bila kuutafuta usingizi. Mama watoto analalamika kwamba siku hizi sigombani naye kuhusu redio, na juzi alinisikia naimba bafuni. Korido imekuwa nyeupe kwa kufagiwa, kwani pikipiki isiyo na kabureta ilihamishiwa uani, na kuku wanataga juu ya kiti chake. Unaona mwenyewe jinsi nyumba ya mtu inavyoweza kuharibiwa na kipuri kimoja.

Kwa hayo yote, naiomba ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Siku ya Ijumaa gari lile likifika, linyimwe stika na lifungiwe.

(b) Kabureta irudishwe kwenye pikipiki, kuku wapewe taarifa mapema.

(c) Kinyozi wa kona aamriwe kunirudishia sharubu, au anikopeshe za kwake.

(d) Magari yote ya mji huu yafunuliwe viti tuone yanalishwa na nini. Leo ni kabureta ya pikipiki kwenye gari la mikate. Kesho tutakuta lori la mchanga linaendeshwa na mashine ya kukatia majani, na gari la wagonjwa linapumua kwa jenereta ya ukumbi wa harusi. Ukianza kuvumilia moja huna mahali pa kusimama. Ikibidi, zifunguliwe na saa za mkononi.

(e) Yakishindikana yote hayo, basi nitambuliwe kwa maandishi, kwa muhuri, kuwa ndugu wa karibu wa kabureta hiyo, isiamuliwe jambo lake lolote bila mimi kuwepo.

Najua matokeo ya ombi langu la kwanza. Gari likifungiwa, kiwanda kitampa mtu mwingine njia ya Spana. Yeye atarudi kwenye ile gereji alikokuwa anafungua bolti za watu huku wakimwita "wewe msichana", mtu ambaye kwa mikono yake miwili amefanya sufuria ipandishe kilima. Hilo limeninyima raha wakati wa kuandika, nisikufiche. Nimeinuka mara nyingi kwenda kunywa maji. Lakini malalamiko ni malalamiko, na tarishi hafungui bahasha katikati ya safari.

Naomba kuwasilisha. Nisalimie ofisi nzima: msaidizi wako aliyeshika tochi na kumulika kila mahali isipokuwa pale ulipokuwa unaangalia; mama wa mapokezi, ambaye alinipa kiti bila kuniuliza umri; na mlinzi wa getini, mwambie habari niliyompa kuhusu bei ya mikate haikuwa rasmi. Mama watoto anakusalimia. Anauliza kama mnakagua na majiko. Spana hakusalimii kwa kuwa hajui kama nimeandika.

Ni mimi,

Tarishi Mstaafu
(anayejulikana, kinyume cha ridhaa yake, kwa jina la Mzee Choki)

TANBIHI: Nilisema nitalitaja lile jambo dogo. Uliagiza kwamba choki ivutwe na dereva mwenyewe, kwa waya utakaopitishwa mpaka kwenye dashibodi. Spana hakuchelewa. Waya umeshanunuliwa, unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na mahali pa ile sufuria. Alinionyesha kwa furaha. Akasema, "Haya Baba, sasa utapumzika." Nikamwambia vizuri sana. Kisha nikaenda kukaa kwenye kochi, nijaribu, nione kutakavyokuwa. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Jirani alikuwa anaanika nguo.

Ndugu Mkaguzi, yafute yote niliyoandika, kuanzia namba moja mpaka ombi la mwisho, sharubu zikiwemo. Kabureta ibaki ilipo. Gari lipewe stika, na binti yangu apewe mkono wa pongezi, maana kazi yake ni safi na nimeikalia mwenyewe. Nakuomba ulifute lile agizo la waya tu. Dereva awe na barabara yake, choki iwe na mtu wake. Na kama kanuni inalazimisha waya uwepo, basi ruhusu upite kwenye lile tundu na uishie mkononi mwangu.

Usinijibu kwa barua. Tunapita mbele ya ofisi yako kila asubuhi na mikate. Ukiwa umekubali, simama tu nje utupungie. Nami nikikupungia kwa mkono wa kushoto, usinihesabu mkosa adabu. Wa kulia uko kazini.